Maksai wa Baba Ukutani

Ukame ulipomaliza mifugo ya Baba, nilimleta kwangu Lodwar, chumba kizuri cha simenti. Lakini kila asubuhi nilipokuwa nyumbani nilimkuta getini, ameketi kwenye kigoda chake, fimbo mkononi, anangoja gari la kumrudisha kwake Kalemng'orok. Kule hakubaki hata mbuzi wa kumpokea. Nilibembeleza, nikafoka, nikabembeleza tena. Ukweli niliogopa: akirudi, njaa itamwua, naye ni mkaidi kama mimi.

Kazi yangu iko Kakuma, nami hurudi Lodwar mwisho wa wiki. Fundi mmoja wa kambini, mkimbizi wa Sudan Kusini anayechora mabango ya maduka, alinionyesha kwenye simu picha alizotumiwa na kaka yake aliyeko Ulaya. Ngome ya kale, mnara wa mawe uliosimama mamia ya miaka bila ufa. Ndani, chumba cha kulala cha bwana wa ngome kimechorwa farasi na mbwa kuta zote, na rangi bado inang'aa.

"Mtu ana mnara mzima," nikasema, "na bado anataka kulala na farasi?"

"Pengine farasi mwenyewe alishakufa," akasema fundi.

Nilicheka, halafu nikamkumbuka Baba. Alikuwa na maksai mmoja kipenzi, akimtungia nyimbo na kumwimbia miaka na miaka, na wenzake wa rika humwita kwa jina la maksai huyo mpaka leo. Wiki hiyohiyo nikaja Lodwar na fundi na ndoo zake za rangi.

Kazi ilipoisha nikamwita Baba. Akautazama ukuta.

"Huyu ng'ombe wa nani?"

Kumbe fundi alikuwa amechora pembe za ng'ombe wa kwao, ndefu, zote mbili zimepanda juu. Baba akaokota kigoda chake. Akageuka kurudi getini.

"Mzee, nisamehe, nimemchora wangu niliyemwacha vitani," fundi akasema. "Wako alikuwaje?"

Baba akasimama pale mlangoni. Kisha akaweka kigoda chini, akainua mkono wa kulia juu kama pembe, wa kushoto akaukunja mbele ya uso, vile alivyoipinda pembe ile mwenyewe maksai akiwa mdogo.

"Hivi. Usikosee tena."

Fundi akachora upya, akimtazama. Mikono ya Baba ikaanza kuchoka. Nikamwambia apumzike, akanipuuza. Halafu, mikono ikiwa bado juu, akaanza kumwimbia maksai wake.

Sikuwa nimeusikia wimbo ule tangu ukame. Nilifurahi mpaka nikasahau kumgombeza fundi kwa rangi aliyomwaga sakafuni. Baba alipomaliza, akaniambia nisogeze kitanda karibu na ukuta.