Nilitaja Jina la Mke Mwenzangu Wodini

(Aliyetuandikia ameomba tumfiche. Someni mpaka mwisho kabla hamjamrukia.)

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, Mwislamu, nakaa Walukuba, Jinja. Naandika nikiwa Mbale, mtaa wa Namatala, kwa binti yangu aliyejifungua juzijuzi. Mnitukane mkitaka, ila kwanza mnisikilize.

Mume wangu alivunjika mguu, akalazwa hospitali moja ya Jinja. Ana wake wawili, mimi na mwenzangu wa Mafubira anayeuza chapati. Niliyemuuguza ni mimi. Nililala kwenye mkeka chini ya kitanda chake, kama wote wanaouguza pale. Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo mwanamume mwenye homa kali, anatapika. Mkewe mjamzito hakuweza kuinama, basi nikawa nafuta mimi, kwa leso yangu, mikono mitupu. Nesi alinigombeza, "Mama, usishike bila glavu!" Nikamuuliza hizo glavu ziko wapi. Siku ya tatu yule mtu alianza kutoka damu kwenye fizi. Kufika adhuhuri alikuwa amekufa.

Wakaja watu waliojifunika nguo nyeupe mpaka machoni. Mwanajeshi mwenye daftari la kuandika wote waliomkaribia marehemu alisimama mlangoni, akamwonyesha mume wangu, akaniuliza kwa Kiswahili, "Mama, wewe nani wa huyu mzee? Jina yako? Unakaa wapi?"

Jamani, daftari lile! Nilikuwa na miaka tisa vita vya mwaka 1979 vilipoisha, na sisi wenye asili ya Sudan tulihesabiwa wote kuwa watu wa serikali iliyoanguka. Alikuja mwanajeshi na daftari, akaandika jina la baba, akasema atarudi asubuhi. Alirudi kweli. Baba hatukumwona tena.

Basi nikajikuta nimetaja jina la mke mwenzangu, na Mafubira. Mume alikuwa bado amelewa dawa ya usingizi ya upasuaji wa asubuhi ile, hakusikia. Niseme ukweli: lingeweza kunijia jina lolote, likaja lake. Tulikuwa hatusalimiani tangu Idi. Walipokuwa wanapuliza dawa, nikatokea mlango wa nyuma, nikapanda gari la Mbale.

Sasa mwenzangu amefungiwa nyumbani. Wanampima joto kila siku, chapati zake hazina mnunuzi, majirani wanamkwepa. Alipokana, wakamwambia kila mtu hukana. Mume naye ametengwa hospitalini, na hakuna aliyemuuliza ni nani alimuuguza. Jana alinipigia simu. Nilijiandaa kutukanwa. Akasema polepole, "Dada, mimi nilifika lini hospitali? Najua ni wewe. Lakini sijakutaja. Najua kitu daftari ilifanya kwa baba yako. Wewe enda mwenyewe ukawaambie."

Nililia, nikakata simu.

Leo ni siku ya nane tangu nitoke wodini. Tangu asubuhi kichwa na viungo vinaniuma, najiambia ni malaria. Nimejifungia chumbani, nimemwambia binti yangu nina uchovu wa safari. Safari ya siku nane! Na wiki nzima nimemwogesha mjukuu wangu kwa mikono hii hii. Sasa hivi binti yuko mlangoni na mtoto, anagonga, "Mama, fungua, mshike mtoto kidogo nikaoge."

Nikisema ukweli, watakuja na daftari, na safari hii litaandikwa jina langu, na la binti yangu chini yake, na la mtoto. Nishaurini upesi, nimjibu nini? Ameacha kugonga, anatafuta ufunguo wa pili.