Mwanaidi Akataa Kurithiwa

Mwanaidi alizaliwa Magamba, binti wa Walutheri, akabatizwa Efrazia. Mwaka 1960 aliolewa Mgwashi na Selemani, mwalimu wa chuo cha Kurani, akasilimu na kuitwa Mwanaidi. Baba yake hakukanyaga arusini. Wakwe nao walimwita "mtoto wa kanisani" hata baada ya kujua kusoma Kurani kuliko wao.

Selemani ndiye aliyemfundisha. Siku moja wakipukuchua maharage, alimwambia, "Usiwajali. Naila, mke wa khalifa Uthmani, naye alitoka kwa Wakristo. Waasi walipovunja nyumba kule Madina kumuua mumewe, aliukinga upanga kwa mkono. Vidole vikakatika."

"Kisha ikawaje?" Mwanaidi aliuliza. Hakutosheka mpaka alipoelezwa yote.

Mwaka 1974 Selemani alikufa kwa homa ya mapafu. Mwanaidi akakaa eda. Mwezi wa pili haujaisha, shemeji yake Rajabu akaingia bila hodi, amevaa koti la marehemu.

"Jiandae," alisema. "Eda ikiisha nakurithi. Nyumba ya ndugu yangu haiwezi kukaa na mgeni."

Mwanaidi aliinuka. "Miaka kumi na minne nimelima hapa, nimezika watoto wawili hapa, leo ni mgeni? Mjane haposwi ndani ya eda, shemeji. Hilo hata watoto wa chuo wanalijua. Toka!"

Rajabu alitoka, lakini wiki hiyo hiyo aling'oa kabichi zote za Mwanaidi, akapanda viazi vyake.

Eda ilipokwisha, Mwanaidi alikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kristofa, akadai kikao. Watu wakajaa. Rajabu alisimama kwanza. Alisema ni mila ya wazee, na kwamba mwanamke aliyetoka kanisani hawezi kumfundisha yeye dini.

"Shikamooni wazee," Mwanaidi alisema, lakini sauti yake haikuwa ya kuomba. "Naila naye alitoka huko huko. Uthmani alipouawa, Muawiya, mtu mwenye nguvu kuliko wote nchi ya Shamu, alimposa. Alikataa. Wapo wanaosimulia kwamba alichukua jiwe akavunja meno yake ya mbele, asitamaniwe tena. Na Muawiya aliposa tu! Hakuingia bila hodi, hakung'oa kabichi. Kurani inasema si halali kuwarithi wanawake kwa nguvu. Mtu wa kanisani ameisoma. Wewe shemeji, uliyezaliwa nayo, umeisoma wapi?"

"Naila alikuwa mke wa khalifa," Rajabu alifoka. "Wewe mke wa nani?"

"Wa Selemani! Na hilo koti ni lake. Livue!"

Mzee Kristofa alimgeukia sheikh aliyekuwa amekaa karibu naye. Sheikh akainamisha kichwa, akasema, "Aya ipo. Mama amesema kweli."

Rajabu akavua koti, akalitupa chini, akaondoka.

Kikao kiliamua nyumba na shamba la bondeni vibaki kwa Mwanaidi. Shamba la iliki la mlimani akapewa Rajabu, kwa kuwa ni la ukoo. Mwanaidi aliona ni dhuluma, kwani iliki ile aliipanda yeye, akalisema hilo kila mkutano wa kijiji kwa miaka mitatu. Hakurudishiwa.

Alikifungua tena chuo cha mumewe, akapokea wasichana waliokuwa wakiachwa nyumbani. Aliwasomesha kwa ukali. Aliyekosea herufi alirudia mara kumi. Habari za Naila aliwasimulia kila mwaka, na kila mwaka alipofika kwenye kuposwa sauti yake ilipanda.

Rajabu alikufa mwaka 1981. Mwanaidi alibeba kuni na maji msibani, akakaa mpaka maziko yakaisha. Njiani kurudi, jirani yake Jenoveva akamwambia, "Afadhali umemsamehe, dada."

"Nani kakwambia?" Mwanaidi alijibu. "Nimekwenda kuzika."