Upawa wa Kisamvu

Nakumbuka siku moja pale Segera, mwanangu, nikiwa msichana mwenye majibu ya haraka, napakua chakula kwenye mgahawa wa bibi mmoja tuliyemwita Mama Mkubwa. Mpaka leo sijui kama siku ile nilidanganya au nilisema kweli.

Aliingia dada mmoja aliyeshuka kwenye basi, katoka Sindeni, anakwenda Korogwe ukweni. Akaniita pembeni kwa aibu.

"Dada, samahani. Mimi karanga zinanidhuru. Nikila navimba, pumzi inabana. Kuna mboga isiyo na karanga?"

"Maharage hayana hata punje," nikamjibu. "Wewe kula tu."

Na kweli hayakuwa nazo! Niliyaunga mwenyewe kwa kitunguu na nyanya, basi. Karanga zilikuwa kwenye kisamvu, sufuria ya pili, maana kwetu ukipika kisamvu bila karanga mteja anakurudishia sahani. Nikampakulia wali na maharage ya kutosha. Moyoni nilimcheka kidogo. Karanga, tunazowapa watoto, zimdhuru mtu mzima?

Hakufika nusu ya sahani, midomo ikavimba. Akashika koo. Nilichanganyikiwa, mwanangu. Huyu anasema sumu, yule anasema karogwa, na mimi nimesimama nalia, "Maharage hayana karanga!" Nadhani nilisema hivyo mara kumi. Dereva wa pikapu akampakia, akamkimbiza hospitali. Niliogopa kwamba nimeua mtu, na sikujua nimemuua kwa kitu gani.

Mama Mkubwa hakunigombeza. Aliutazama mkono wangu tu.

"Mteja wa kabla yake ulimpakulia nini?"

"Kisamvu, mama."

"Kwa upawa gani?"

Nikautazama upawa niliokuwa bado nimeushika. Kisamvu kilikuwa kimeganda ukingoni. Sufuria zote tulizipakua kwa upawa huo mmoja tangu mgahawa ufunguliwe, na hakuna aliyewahi kulalamika.

"Alikuuliza jambo usilolijua," akasema, "ukamjibu kama unalijua."

Pikapu iliporudi, dereva alisema dada anapumua vizuri. Nikakaa chini, nikalia upya. Kesho yake tukanunua upawa wa pili.

Basi, mwanangu, wewe ambaye mwili wako unakataa chakula fulani, usione haya kusema, hata ukiwa ukweni. Na usiishie kuuliza mboga. Uliza na upawa, uliza na mafuta ya kukaangia. Anayekujibu kabla hujamaliza swali, mshukuru, kisha nenda kanunue ndizi zako ule. Na siku utakayokuwa wewe mpakuaji, sema, "Sijui, ngoja nikaulize." Mimi maneno hayo yalinishinda, na dada wa watu nusura afe akiwa ameniuliza vizuri kabisa.

Mungu akulinde safarini, na kila utakapokaa kula, akujalie mpakuaji asiyeona aibu kusema hajui.