Pampu Tatu za Dezső

Kwa mwaka mmoja na miezi miwili Gizella Barna hakuthubutu kufungua droo ya marehemu mumewe. Makó, walikoishi, ni mji wa vitunguu, na Dezső alivichambua ghalani miaka thelathini na mmoja, mpaka vumbi la maganda likamharibia kifua. Droo ile ilikuwa ya dawa zake za pumu. Jumatatu moja ya Novemba mjane huyu akapiga moyo konde: duka la dawa lilikuwa likipokea dawa zilizobaki majumbani, basi azipeleke, na huko apate mtu wa kusema naye. Tusidanganyane, hilo la pili ndilo lililomtoa nyumbani. Tangu Dezső afariki, zilikuwa zikipita siku nzima hajasikia hata sauti yake mwenyewe.

Zilikuwa pampu tatu za kuvutia dawa kwa mdomo. Kabla ya kuzitia kwenye mfuko, alizifanyia lile alilokuwa akimfanyia mumewe kila Jumapili kabla ya supu. Alichomoa kikopo cha dawa kwenye plastiki yake, akakitumbukiza ndani ya glasi ya maji. Kikizama, kimejaa. Kikielea ubavu, kimekwisha. Nesi mmoja alimfundisha zamani sana, na Gizella, ambaye shule hakwenda nayo mbali, alijivunia ujuzi huo kuliko hata mapishi yake. Vikopo viwili vilielea. Cha tatu kilikwenda chini moja kwa moja. Hicho ndicho Dezső alichokuwa nacho mkononi siku aliyokufa.

Dukani alimkuta Emőke, mfamasia kijana mwenye maneno mengi.

"Shangazi Gizi! Nilidhani umeuhama mji."

"Nihamie wapi na miguu hii? Shika hizi. Hii moja bado imejaa, mpe mtu asiye na uwezo."

"Haturuhusiwi, shangazi. Zinateketezwa tu." Emőke aliigeuza mkononi. "Mbona imelowa?"

"Nimeipima kwenye maji," alisema Gizella, kwa majivuno kidogo, akaeleza anavyopima.

Emőke akacheka. Akaitikisa pampu, akaibonyeza hewani. Ilitoa mlio mdogo na tone la maji. Akabonyeza tena, hakikutoka kitu.

"Umeona? Maji yanaingia kwenye kitundu, yanaziba. Na unyevu ukipenya ndani, dawa inagandana kama chumvi ya mezani wakati huu wa ukungu. Mgonjwa anavuta, anadhani kapata dawa, kumbe kavuta hewa tupu. Zamani wengi walipima hivyo, siku hizi tunawakataza. Bahati nzuri hii haina mtu wa kuitumia."

"Yaani imejaa, na haitoki?"

"Imejaa na haitoki. Au inatoka kidogo isiyosaidia."

"Hata mtu akibonyeza sana?"

Emőke aliacha kucheka. "Shangazi, kwani ni nani..."

"Nauliza tu, mwanangu."

Alirudi nyumbani, akakaa jikoni na koti lake mwilini. Jumapili ile ya mwisho alikipima kikopo, akakifuta kwa aproni, akamwambia mumewe, "Imejaa, mzee, kaa kwa amani." Jioni kifua kilipombana, Dezső alibonyeza na kubonyeza, na yeye alikuwa nyuma yake akimsugua mgongo, akimgombeza avute kwa nguvu. Daktari aliandika kwamba kilichomuua ni moyo. Huenda ulikuwa moyo kweli. Hakuna aliyemuuliza Gizella kitu wakati ule, na hakuna ambaye angekuja kumuuliza. Angeweza kuzikwa na siri hiyo. Alijiona mpweke kuliko siku ya mazishi, maana siku ile angalau alilia pamoja na watu.

Lakini kulikuwa na Levente, mwanawe wa pekee, fundi wa kuchomelea vyuma huko Graz, nchi ya jirani, aliyerithi kifua cha baba yake. Kupima kwenye maji alifundishwa na mama yake. Kumkataza ilikuwa ni kumwambia yote, maana kijana hakuwa mjinga. Na huyu ndiye mtu pekee duniani aliyekuwa bado akimpigia simu, kila Jumapili.

Gizella hakuingoja Jumapili.

"Mama? Kuna nini? Leo Jumatatu, niko kazini."

"Pampu yako bado unaipima kwenye maji?"

"Si ndivyo ulivyonifundisha? Jana tu nimeipima. Ilizama yenyewe."

"Itupe. Ukitoka kazini ununue nyingine, na hiyo mpya usiitie maji hata siku moja." Akamweleza yote aliyoyasema Emőke, polepole, asiruke neno.

Kule upande wa pili mashine zilikuwa zikinguruma.

"Mama," alisema Levente. "Ile ya baba, ulikuwa umeipima?"

Angeweza kusema hapana.

"Niliipima," alisema Gizella. "Siku ile ile."

Levente hakukata simu; alitoka nayo nje, mashine zikasikika kwa mbali.