Nurdin Ametoka Kidogo

Sukari iliyaharibu macho ya Nurdin kabla hajafika miaka hamsini na tano. Akaacha kazi ya ufundi wa majokofu, akakaa nyumbani kwake Yombo Vituka, akabakiwa na jambo moja ambalo halikuhitaji macho: kusikiliza. Sebuleni alikuwa na amplifaya mbili za zamani, deki ya kaseti, pleya ya santuri na spika nne za mbao alizoziunda mwenyewe enzi anaona vizuri.

Mkewe, Hamida, ndiye aliyekuwa macho yake. Nurdin akisema, "Nisomee mistari ya hiyo rezista," Hamida anakisogeza hicho kidude cha umeme dirishani na kusoma rangi zake: kahawia, nyeusi, nyekundu. Akiambiwa chomea waya huu hapa, anachomea. Ilipofika mwaka wa tatu alikuwa anafungua amplifaya na kuujua ubovu wake kabla mumewe hajamaliza kuuliza.

Ndiye pia aliyekuwa akiandika. Nurdin alikuwa kwenye kundi la Watsapu la wapenzi wa vyombo vya muziki vya nyumbani, watu thelathini na kitu waliotawanyika kuanzia Boko hadi Ukonga, na wengi wao hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Walikuwa wakiulizana sindano za santuri zinapatikana wapi, kwa nini spika moja inaimba na nyingine imenyamaza. Nurdin walimwita Mwalimu. Simu hapokei, alikwishawaambia tangu mwanzo kwamba sauti ya simu inamvuruga masikio, andikeni tu. Basi jioni Hamida anasoma swali, Nurdin anajibu, Hamida anaandika. Mara nyingine Nurdin alisinzia kwenye kochi, na Hamida akajibu mwenyewe. Asubuhi akimsimulia, mume anacheka: "Sawasawa. Hata mie ningesema hivyohivyo."

Nurdin alifariki Oktoba, Jumanne. Alianguka akitoka bafuni, presha, na alasiri ile ile wakamrudisha kutoka hospitali akiwa maiti. Akazikwa kesho yake. Ndugu waliarifiwa mpaka Lindi, majirani walijaa, waliofanya kazi na Nurdin walikuja. Kundi la muziki hakuna aliyelikumbuka.

Wiki ya tatu ya eda, Hamida akiwa amekaa chumbani peke yake, kwenye simu ya marehemu uliingia ujumbe. Ulitoka kwa Mzee Khalfani wa Boko, karani mstaafu wa bandarini, ambaye alikuwa akiandikiana na Nurdin mara kwa mara. "Mwalimu, amplifaya yangu inavuma tena. Nianzie wapi?"

Hamida alijua pa kuanzia. Akaandika: "Chomoa nyaya zote zinazoingia, iwashe ikiwa peke yake. Ikinyamaza, ubovu uko nje." Alipokwisha kutuma ndipo alipogundua kwamba hakuandika lile jingine, la kifo. Akajiambia atasema kesho.

Kesho yake Mzee Khalfani akaandika: "Imenyamaza. Mungu akupe umri mrefu, ndugu yangu."

Hamida aliilaza simu kifudifudi kwenye godoro, akalia mpaka mama mkwe wake, aliyekuwa akikaa naye edani, akaja kumuuliza kuna nini.

Angesema siku hiyo, yangeisha. Hakusema. Ndani ya eda dunia yote ilikuwa imefungwa, na ile simu ilikuwa tundu dogo ambalo Nurdin alipitia akiendelea kuishi. Watu waliuliza, Nurdin akajibu. Eda ikaisha, Hamida akarudi sokoni kwenye meza yake ya viungo, na jioni akawa bado anajibu. Kila jibu liliufanya ukweli kuwa mzito zaidi kuutoa.

Aprili Mzee Khalfani akaandika faragha, nje ya kundi. Mkewe alikuwa amepotewa na kumbukumbu. Alikuwa akimwita mumewe kwa jina la kaka yake aliyekwisha kufa. Mzee humwogesha mwenyewe, humlisha mwenyewe, na jioni humwekea kaseti za taarabu za ujana wao, maana zikilia anatulia. Halafu ukaja ujumbe mwingine, mfupi. "Jana nimempiga kofi. Alinitemea chakula nikampiga. Miaka arobaini na moja sijawahi. Sina mwanamume mwingine wa kumwambia."

Hamida aliusoma mara nyingi. Kuunyamazia aliona ni ukatili, na kuujibu aliona ni wizi. Mwishowe akaandika: "Mzee wangu, hata mie ningechoka. Mwite binti yako aje akusaidie, usibebe peke yako. Mwombe mkeo radhi hata kama haelewi."

Mzee alimwita bintiye. Akaandika kumshukuru Nurdin. Tangu hapo hakumficha kitu.

Ilipofika Julai, Marselino, seremala wa Ukonga aliyekuwa kiongozi wa kundi, alitoa wazo. "Tumeandikiana miaka yote hii, sura hatujuani. Tukutane Jumapili ya mwisho ya Agosti. Kila mtu aje na chombo kimoja tukisikilize. Na tukutane kwa Mwalimu, maana ye hawezi kusafiri."

Jioni moja tu, kundi zima likawa limekubali. Hamida alikaa na simu mkononi hadi adhana ya isha ikapita. Kisha akaandika: "Karibuni."

Bintiye, Najma, muuguzi wa zahanati moja ya Temeke, alikuwa akidhani mama anaiweka ile simu kwa ukumbusho. Hamida akamweleza mambo yote.

"Mama, hao watu wanakuja kumwona baba."

"Najua."

"Basi waambie leo."

"Nitawaambia wakifika. Jambo kama hili haliandikwi."

"Mbona mengine yote umeandika?"

Hamida alijishughulisha na maandalizi. Aliazima turubai kwa jirani, akakodi viti, akaenda kwa mjumbe kumtaarifu kwamba kutakuwa na muziki mchana. Akavuta umeme mpaka uani kwa waya mrefu, akapanga meza tatu. Akimenya vitunguu saumu vya pilau alirudia maneno yake: Ndugu zangu, kabla hatujaanza, nina jambo. Alipanga ayaseme wote wakishaketi, mara moja tu.

Mzee Khalfani akaja wa kwanza, saa mbili na nusu, hata viti havijafunguliwa. Alishuka kwenye teksi amekumbatia amplifaya iliyoviringishwa kwa shuka. Kanzu nyeupe, mwembamba kuliko alivyomdhania.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Bila shaka we ndiye mke wa Nurdin. Mie Khalfani wa Boko." Uso ulimkunjuka kwa furaha, akaitua amplifaya mezani, akatoa mfukoni kitu kilichofungwa kwenye gazeti. "Nimemletea kofia. Aliidarizi mke wangu kabla hajaanza kuumwa. Mwenyewe yuko wapi?"

Hamida aliyatafuta yale maneno hakuyapata. Mdomo ulifunguka, ukatoa mengine.

"Ametoka kidogo."

"Hamna neno. Nitamngoja."

Najma aliyasikia hayo akiwa jikoni. Akamwangalia mama yake, akageuka.

Walikuja watu kumi na tisa. Kila aliyeingia aliuliza Mwalimu yuko wapi, na Mzee Khalfani, kwa nia njema, ndiye aliyewajibu: "Ametoka kidogo, anarudi." Vyombo vikapangwa. Marselino alikuwa na spika ndefu za mninga, mama mmoja wa Mbagala, Filomena, alileta deki ya kaseti aliyoachiwa na babake. Wakaanza kusikiliza kwa zamu, wengine macho wameyafumba, na uani kukawa na utulivu ule ambao Nurdin aliupenda kuliko kitu chochote.

Pleya ya mtu mmoja ikakataa. Upande wa kushoto hauimbi. Wanaume watatu waliinama juu yake wakibishana. Hamida akapita na sinia ya sambusa, akaitua, akavuta waya mwembamba chini ya mkono wa sindano, akaugeuza na kuukaza upya. Upande wa kushoto ukaimba. Watu wakamtazama.

"Kumbe Nurdin amekufunza na wewe," alisema Mzee Khalfani akicheka. "Lakini mbona amekawia hivi? Marselino, hebu mpigie. Leo tumvuruge hayo masikio."

Marselino akapiga. Simu ikalia kiunoni mwa Hamida, ndani ya kanga. Ikalia mpaka ikakata. Marselino akapiga tena, labda akidhani ameikosea namba, nayo ikalia palepale.

Mtu mmoja akazima muziki.

"Nurdin amefariki," Hamida alisema. "Samahanini. Amefariki, mie ndiye niliyekuwa nikiwajibu."

Filomena alishika mdomo. Watu wawili watatu walisema innalillahi kwa sauti ya chini. Mzee Khalfani hakusogea.

"Lini?"

"Oktoba. Mwaka jana."

Alionekana akipiga hesabu. Hamida alijua anaifikia Aprili, akaona ilivyomfikia: uso wa mzee ulijaa damu, kisha ukapauka.

"Umeniambia ametoka kidogo," alisema. "Nimekuuliza mlangoni kwako."

"Nilishindwa, mzee wangu."

Mzee aliinuka. Alichukua kile kifurushi cha gazeti alichokuwa amekiweka kando ya kiti, akakitia mfukoni, akatoka bila kumuaga mtu. Amplifaya yake ikabaki mezani.

Waliobaki hawakujua la kufanya. Kijana mmoja wa Mbezi alisema kwa hasira kwamba wamechezewa, akakusanya nyaya zake akaondoka. Marselino akawaomba wenye kujua dua waisome. Ikasomwa pale uani, katikati ya spika. Pilau likaliwa kwa adabu ya msibani, na kabla ya alasiri turubai lilikuwa tupu.

Usiku huo kundini walitoka watu kumi na mmoja. Mzee Khalfani alikuwa wa kwanza.

Hamida alimwandikia mara mbili, kwa jina lake mwenyewe. Ujumbe haukusomwa. Wiki ya tatu akaiviringisha ile amplifaya kwenye shuka lake, akamwomba Najma amsindikize hadi Boko.

Mzee aliwafungulia geti akasimama palepale. Hakuwakaribisha ndani. Najma alimwamkia, akaiweka amplifaya barazani, akarudi kusubiri barabarani kama mama yake alivyomwomba.

"Sikuja kujitetea," alisema Hamida.

"Unajua ulichoninyima?" Mzee alisema taratibu. "Nurdin alikuwa rafiki yangu. Ningekuja kumzika. Ningebeba jeneza, ningetia udongo, ningekaa kwenye jamvi na wenzangu. Rafiki yangu amekufa, na mie namwomba Mungu ampe umri mrefu. Umesoma hilo, ukanyamaza."

"Nilisoma."

"Na yale mengine."

"Sijamwambia mtu. Hata binti yangu hajui."

"We unajua. Nilimwambia mwanamume mwenzangu, kumbe aliyesoma ni mke wa mtu, ananijibu hata mie ningechoka." Sauti ya mwanamke ikaita kutoka ndani, ikitaja jina ambalo halikuwa la mzee. Mzee aliitika kwa jina hilohilo, kisha akarudisha macho kwa Hamida. "Ule ushauri ulikuwa mzuri. Ndilo linaloniudhi zaidi. Sijui nimshukuru nani."

Hamida alikuwa analia, na hakujaribu kuficha.

"Amezikwa wapi?" mzee aliuliza.

"Kulekule Yombo."

"Ijumaa nitakuja. Mwelekeze Marselino, anionyeshe kaburi."

Alikuja kweli, baada ya swala. Hamida alibaki nje ya ukuta wa makaburi, akawaona kwa mbali Marselino na mzee wakipita katikati ya majani. Mzee alikaa muda mrefu. Alipotoka alikuwa na vumbi magotini. Akapita karibu naye, akasema, "Ahsante," akaingia kwenye gari.

Kundini Hamida alibadili jina na picha. Waliobaki walikuwa ishirini, baadaye kumi na saba. Maswali yalipungua. Wengine wakiuliza huongeza, "mwenye uhakika ajibu," na yeye hunyamaza hata pale anapojua.

Novemba, asubuhi moja akiwa sokoni, uliingia ujumbe kutoka Boko. "Hamida. Mke wangu amefariki alfajiri. Mazishi saa kumi. Khalfani."

Alifunga meza, akavaa baibui, akaenda. Wanaume walikuwa wamejaa nje, na alimwona mzee katikati yao amekaa ameinamisha kichwa. Hawakusemezana. Aliingia ndani, akapewa nafasi kwenye mkeka kati ya wanawake asiowajua. Aliyekuwa kando yake, mtu mzima, akasogea kidogo ampishe, akamuuliza kwa sauti ya chini, "We mwenzetu ulijuana vipi na marehemu?"

"Sikuwahi kumwona," alisema Hamida. "Mume wangu alikuwa rafiki wa mumewe."

Yule mama akatikisa kichwa. "Na mumeo amekuja?"

"Amefariki," alisema Hamida. "Oktoba ya mwaka jana."

"Pole sana, mwenzangu," yule mama akasema, akamshika mkono. Hamida akauacha mkono wake pale, huku nje wanaume wakianza kuinuka kwenda kubeba jeneza.