Filamu ya Anga Mbele ya Wakwe

Nakumbuka Jumapili moja ya msimu wa pamba, mwanangu Minza, tulipopanga viti vyote vya nyumba vikatazama upande mmoja kama kanisani, na babu yangu akaketi chumba kimoja na mama yangu kwa mara ya kwanza tangu mama aolewe. Juzi uliponipigia simu kutoka Dar kuniuliza kama hizo filamu za safari za angani, zenye sehemu ya kwanza mpaka sijui ya ngapi, zinafaa kuangaliwa na familia nzima wakati wa likizo, nilikuambia nitakujibu, nikakata. Ulidhani salio limeniishia. Haikuwa salio. Ni Jumapili hiyo iliyonijia ghafla, nikashindwa kuendelea.

Wewe umekulia mjini, kwa hiyo nianze na jambo ambalo huenda hukuliona. Kwa wazee wetu wa Kisukuma, baba mkwe na mke wa mwanawe waliheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Mama hakula mbele ya babu wala kukatiza mbele yake. Babu akija kutoka Nkololo kututembelea hapa Bariadi, mama alipiga magoti uani akamsalimia, kisha akarudi jikoni. Usidhani walichukiana. Mama alimpikia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga namna ambayo sisi hakutupikia kamwe, na babu akimaliza alisema kwa sauti, ili jikoni wasikie, "Wabeja!" Shukrani yao yote, na mapenzi yao yote, yalipitia kwenye bakuli hilo.

Baba yangu alikuwa karani wa kununua pamba, na ndiye aliyeleta nyumbani runinga na deki, pamoja na jenereta lililopiga kelele kuliko filamu yenyewe. Msimu ule akapata kanda ya watu wanaosafiri kwa chombo katikati ya nyota. Nchi yao imekauka, wamebeba mbegu, watoto na vikongwe, wanatafuta pa kuishi. Mimi nilikuwa sekondari, basi kazi yangu ikawa kugeuza Kiingereza kuwa Kisukuma, na nisipoelewa nilitunga tu. Baba ndiye aliyebuni habari ya viti. Alimwambia babu, kama wote wanatazama mbele, nani anamtazama nani? Kigoda cha mama akakiweka nyuma kabisa, mlangoni. Babu akafikiri, akasema haina ubaya.

"Hawa wanahama," alisema filamu ilipoanza tu. "Ng'ombe wao wamewaacha wapi?"

Nikamwambia hawana ng'ombe. Akawahurumia zaidi. Lilipotokea dude lenye macho mengi likitaka kubomoa chombo, mimi nilifumba macho, lakini babu alicheka. "Fisi huyo! Mwashieni moto." Nyuma yangu nikamsikia mama naye anacheka, taratibu, kiganja mdomoni. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, na bado natamani kuisikia tena sauti ile ya babu na mama wakichekea kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Filamu ikaisha chombo kikiwa bado njiani. Babu akanigeukia.

"Walirudi?"

"Bado, guku," nikamjibu, maana ndivyo tulivyomwita babu. "Kuna sehemu ya pili."

Mdogo wake baba, aliyeitwa Mabula, alikuwa ameondoka na kundi la ng'ombe kutafuta malisho. Alipitia Bukundi, akaendelea kusini hadi Rukwa, halafu habari zake zikakatika. Babu hakutuficha. "Mnaona nawaulizia hao wa kwenye runinga," alisema. "Namuulizia Mabula."

Baba akahangaika kutafuta sehemu ya pili mpaka akaipata Mwanza. Jumapili nyingine, tulipotoka ibadani, akaiingiza kwenye deki vilevile ilivyotoka dukani. Nani angeshuku? Chombo kilekile, watu walewale, na ya kwanza ilikuwa safi kabisa. Tukapanga viti. Mama akaketi mlangoni kwenye kigoda chake, na safari hii alikuwa amevaa kitenge cha sikukuu.

Hatukufika mbali. Nahodha na mwanamke mmoja wakaingia chumbani, mlango ukajifunga, nikasubiri picha ibadilike. Haikubadilika. Wakaanza kuvuana nguo, mwanangu, mbele ya babu yangu na mama yangu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nitafsiri, nikaufunga. Baba akairukia deki, akabonyeza kitufe cha kusimamisha, na picha ikaganda palepale. Sasa ikawa imesimama tu, inatutazama. Mama alishatoka, kanga imemfunika kichwa. Babu aliinamisha uso, akapapasa fimbo yake sakafuni, akatoka bila kuinua macho. Ndipo baba akakumbuka kwamba jenereta linaweza kuzimwa.

Babu hakugomba. Alimwita baba uani, nami nilikuwa naanua nguo karibu nao, nikasikia.

"Masanja, mke wako akinipikia, anaonja kabla ya kunipakulia?"

"Anaonja, baba."

"Na hii, uliionja?"

Baba akatikisa kichwa. Babu akasema "Basi," na kesho yake akarudi Nkololo.

Hakuketi tena mbele ya runinga yetu. Baba alimbembeleza, akaapa ataangalia kwanza yeye, lakini babu alisema hawezi kumrudisha mkwe wake mahali alipoaibikia. Akawa anakuja, anapewa michembe yake uani, anashukuru kwa sauti ndogo. Kabla ya kuondoka alinivuta kando. "Walirudi?" Mimi na baba tulikuwa tumeimalizia ile sehemu ya pili, kwa hiyo nilimwambia kweli. Bado, guku. Inangojwa ya tatu.

Na hiyo ya tatu, mwanangu, haikuja upesi. Ndiyo tabia ya filamu hizi, zinakuacha njiani makusudi ili uendelee kungoja. Nikamaliza shule, nikaolewa, nikakuzaa. Kila nilipokwenda Nkololo kumsalimia, nikiwa na wewe mgongoni, babu aliuliza. Macho yalipofifia aliuliza. Alipoanza kusahau majina yetu, hilo hakulisahau. Sehemu ya tatu ilipofika Bariadi, babu alikuwa tayari kaburini.

Safari hii baba aliionja. Alijifungia peke yake na runinga kuanzia mwanzo hadi mwisho, akatoka macho yamemwiva. "Ni safi," akatuambia. "Wanarudi." Tukapanga viti vikatazama mbele, cha babu tukakiacha wazi. Mama sasa angeweza kukaa popote apendapo, hapakuwa na wa kumwonea haya. Alichukua kigoda chake akaenda kukaa mlangoni. Filamu nzima nililia, hata pale walipokuwa wakifurahi. Baba mdogo Mabula hatujui alipo mpaka leo.

Sasa nakujibu ulichoniuliza. Usiniulize kama filamu hizo zinafaa zote au hazifai zote, maana kila sehemu ina mambo yake. Iliyotangulia ikiwa safi isikupe usingizi kuhusu inayofuata. Ile alama ya umri wanayobandika kwenye jalada imewekwa na watu wasiojua nani ameketi sebuleni kwako, wala hawajui mkwe ni nani. Angalia mwenyewe kwanza, watoto wakiwa shuleni, na usiishie katikati kwa kuwa umechoka. Kisha jiulize kama ungekuwa radhi kuitazama mama yako akiwa nyuma yako na baba mkwe wako mbele yako. Ukisita, iache, hata kama watoto watanuna. Watanuna mpaka chakula cha jioni, wakishiba watasahau.

Ya kutisha hayanisumbui sana. Dude la macho mengi halitawadhuru wajukuu zangu wakiwa wamekaa nawe bega kwa bega na pana mtu mzima wa kulicheka. Litawadhuru wakiliona kila mmoja peke yake, kwenye simu, chini ya shuka. Kwa hiyo ukishaionja, usiwakabidhi ukaenda kufua. Kaa nao, waeleze, na usipoelewa tunga tu kama mimi. Likitokea la aibu hata hivyo, tafadhali usibonyeze kile kitufe cha kusimamisha. Zima umeme wa nyumba nzima.

Na kama utakubali, usiionje huko Dar. Njoo nayo tuionje wote wawili. Mwaka juzi ulisema mnakuja, mvua ikazuia. Mwaka jana ikawa kazi ya mume wako. Sikulaumu, najua mji unavyobana. Ila mume wako ni mkwe wangu, na heshima ile ya kukaa mbalimbali ni yetu pia, nami sijawahi kukaa naye chumba kimoja. Nimemsalimia uani siku ya kuja kutoa mahari, na siku ya harusi nilimwona kwa mbali. Ninajua anapenda samaki wa Lamadi kwa sababu wewe uliniambia. Kicheko chake sikijui.

Kigoda cha mama yangu ninacho. Nimekikaza miguu, kimesimama vizuri. Nitakiweka mlangoni nikikalie mimi, mume wako atakaa mbele na wanawe, wote mtatazama kule, na dude likitokea nitamsikia anavyocheka. Hicho tu ndicho ninachokitaka kutoka kwenye filamu zenu.

Mungu akufungulie njia, mwanangu, akulinde wewe na mume wako na watoto barabarani mpaka mwione taa ya uani kwangu. Awape nyumba yenye viti vya kutosha na watu wa kuvikalia. Na mimi, nitakapokwenda kumkuta babu, anijalie nimwambie kwamba walau hawa wetu walirudi.