Siku Niliyomfanya Mwalimu Frimasoni

Mimi nimejaliwa mdomo. Nilipokuwa kidato cha tatu hakukuwa na mtu shuleni aliyesimama mbele yangu akamaliza sentensi yake. Hata leo, kwenye duka langu la vitenge hapa mtaa wa Kambarage, kuna wateja wanaokuja kununua doti moja na kusikiliza masimango ya bure. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akanionea huruma mbele ya safari. Huruma mpeleke kwingine.

Tuliishi kwenye kijiji cha machimbo upande wa Geita. Baba alihama kijijini kwao Didia akiifuata dhahabu, dhahabu ikamkimbia, akaishia kulima mpunga na kuwa mwenyekiti wa chama cha mazishi. Cheo hicho usikidharau. Mtu akifa, baba anapuliza filimbi, watu wanakusanyika, naye anagawa kazi: hawa kuni, hawa maji, hawa kuchimba kaburi. Asiyefika anatozwa faini. Na aliyewakosea wenzake kosa zito anatengwa. Kutengwa kwetu Wasukuma si mchezo. Husalimiwi, huazimwi moto, husagiwi mahindi, na ukifiwa unazika mwenyewe. Anayekusemesha analipa mbuzi.

Mwalimu wetu wa hesabu hakuwa wa kwetu. Alitoka kusini huko, mwembamba, mpole mpaka anakera, na akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Mkewe aliuza vitumbua getini. Huyo mama alikuwa akiniita "mwanangu mkali," na asubuhi nikifika bila kula alinipa viwili na kugeuza uso nisije nikaona aibu. Nilivila vyote. Vilikuwa na iliki.

Mwalimu ndiye aliyeanzisha mdahalo. Alikuwa na sheria moja ambayo niliichukia kama dawa ya minyoo: kabla ya kumjibu mwenzako, unarudia kwanza alichosema, kwa haki, mpaka yeye mwenyewe akubali, "Ndiyo, hicho ndicho nilichosema." Hapo ndipo unaruhusiwa kumpiga. Mimi nilitaka kupiga tu. Nikianza kujibu, yeye anainua kidole: "Rudia kwanza." Darasa zima linacheka. Nikawa namwiga nyuma ya mgongo wake, na kidole chake, na sauti yake ya puani.

Mwaka ule duara moja lilititia. Duara ni shimo la kuchimbia dhahabu, na lile liliwafukia wachimbaji sita mchana kweupe. Miezi miwili haijapita, mwenye duara akanunua lori jipya. Ee! Kijiji kizima kikajua: frimasoni. Amewatoa kafara. Kwetu kila aliyenunua gari alikuwa frimasoni, aliyejenga ghorofa alikuwa frimasoni, hata mwenye kuku wasiokufa kwa kideri alianza kutazamwa vibaya. Ila mwenye lori alikuwa mkubwa, ana vijana wake, kwa hiyo alinong'onwa tu. Nani angemwambia usoni? Thubutu!

Mwalimu aliyasikia hayo akasema, vizuri, tuyajadili. Alituambia darasani kwamba Frimasoni ni chama cha watu ambacho kipo kweli, hadi leo, kina kumbi zake, desturi zake, viapo vyake na michango ya kusaidia wasiojiweza, na kwamba alama yao ni bikari na skwea kwa sababu wanajifananisha na waashi wa zamani. Akasema alisoma kwamba ndani ya kumbi zao ni marufuku kugombania dini na siasa. "Mimi si mmoja wao," akasema, "na sijawahi kukutana na mmoja wao. Nikikutana naye nina maswali mengi ya kumuuliza. Kuna mengine nisingekubaliana naye. Lakini huwezi kumkatalia mtu jambo usilolijua." Kisha akaandika mada ubaoni: Frimasoni ndio chanzo cha vifo machimboni. Mdahalo ungefanyika siku ya wazazi. Nilipangwa kuunga mkono.

Siku ya wazazi kijiji kilijaa uwanjani. Mgeni rasmi alikuwa nani? Mwenye lori. Alikuwa ametoa saruji ya vyoo vya wasichana, akakalishwa mbele kwenye kiti chenye kitambaa.

Mpinzani wangu alikuwa msichana wa bweni, kimya, ana chunusi, tulimwita Bubu. Akasimama na karatasi yake. Akasema: "Wale watu sita walikufa kwa sababu ndani ya duara hayakuwekwa magogo ya kuzuia udongo. Kaka yangu alikuwa mmoja wao. Wiki moja kabla waliomba magogo wakaambiwa wachape kazi. Tukisema ni frimasoni, hatutamuuliza mtu yeyote kuhusu magogo. Watakufa wengine." Akakaa.

Mama yangu! Vichwa vyote uwanjani viligeukia kile kiti chenye kitambaa. Mgeni rasmi alikuwa anajifuta shingo. Na mimi nilijua, palepale, kwamba nimekwisha. Bubu alikuwa amesema kweli tupu.

Lakini mimi, kushindwa na Bubu? Mbele ya baba?

Spika wa mdahalo akaniita. Mwalimu akainua kidole chake, rudia kwanza. Sikumtazama. Nilikwenda kwenye ubao uliotolewa nje, nikashika bikari yake kubwa ya mbao, ya kuchorea duara kwa chaki, na skwea yake ya mninga, vipande viwili vilivyoungwa kona na fundi wa kijijini. Nikavipandanisha, kimoja juu ya kingine, kama kwenye ile picha ya alama ya frimasoni ambayo kila mwenye simu pale uwanjani alikuwa ameshatumiwa. Nikaviinua juu. Nikasema, "Wazazi wangu, mnaijua alama hii? Mnajua ni nani anayetembea nayo kwapani kila siku ya Mungu?"

Ukalipuka mlipuko wa vicheko na vigelegele. Watu walisimama juu ya madawati. Simu zikainuliwa. Mgeni rasmi ndiye aliyepiga makofi ya mwisho kuisha, na sasa alikuwa ameacha kujifuta shingo. Mwalimu naye alicheka, kiganja mdomoni, akidhani ni utani wa mtoto. Waamuzi wakanipa ushindi, naye akauandika ubaoni kwa mkono wake. Tulipokuwa tunatoka aliniambia, "Hukurudia hoja ya mwenzako." Nikamjibu, "Lakini nimeshinda, Mwalimu." Akasema, "Umeshinda."

Picha yangu ilizunguka kuliko matokeo ya mpira. Ilipomaliza wiki, mimi nilikuwa nimekatwa pembeni, imebaki bikari na skwea, na uso wa mwalimu nyuma unacheka. Wazazi wakaanza kuwazuia watoto kipindi cha hesabu. Vitumbua vikalala. Mwenye lori akawa hanong'onwi tena, maana frimasoni alikuwa ameshapatikana, na ni mtu asiye na vijana. Akina baba wakakaa kikao, wakamtenga. Nilipita getini asubuhi nikimwona yule mama na beseni lake limejaa, ananitazama. Hakuniita mwanangu mkali. Na mimi sikumwamkia, mbuzi wetu walikuwa watatu tu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Yule mama alikuwa na ugonjwa wa sukari. Wakati mume ametengwa, mwenye bodaboda gani atampakia mkewe kumpeleka hospitali? Alikufa siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Kijiji kikasema: umeona? Amemtoa mke.

Baba hakupuliza filimbi.

Siku hiyohiyo mwalimu alikuja nyumbani kwetu kwa miguu. Wazee wa chama walikuwa wameketi uani na baba, na watu wamejazana kwenye ua kutazama. Akawaamkia, hakuna aliyeitikia. Akavua kofia akaanza kusema na baba. Alisema maneno mengi kidogo, polepole, na baba alimjibu kwa kifupi, na wazee wakatikisa vichwa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwa mama. Sikuyafuata yale maneno. Nilikuwa natazama viatu vyake, kimoja kilifungwa kwa kamba ya katani, na nilikuwa natafuta namna ya kumwiga baadaye.

Ghafla akageuka. "Binti," akasema, "wazee wamenipa nafasi ya jambo moja. Rudia alichosema mwenzako siku ile, kabla hujashika bikari."

Nilikumbuka kila neno. Magogo, kaka yake, wachape kazi, watakufa wengine. Ningeweza kusema huku nimelala. Na kila mtu pale uani angekumbuka kwamba siku ile, kwa muda wa pumzi mbili, walikuwa wamekwisha kumtambua mwenye kosa, nami nikawapoteza kwa kipande cha mninga. Angezikiwa mkewe. Lakini ningekuwa mwongo mbele ya kijiji, na Bubu angekuwa ameshinda. Na fimbo ya baba nilikuwa naijua vizuri. Ningepigwa mpaka nijikojolee. Hilo nimelisema kwa miaka mingi kila nikijitetea: nilikuwa mtoto, ningepigwa.

Nikasema, "Sikumbuki."

Mtu mmoja kwenye ua akacheka, kisha wote. Mwalimu alisubiri. Alisubiri kama anavyosubiri darasani ukiwa ubaoni na hesabu haijaisha. Halafu akavaa kofia.

Kijiji kile, wanaume wanateremka urefu wa minazi ishirini ndani ya mwamba kwa kuota tu kwamba kuna dhahabu. Hakuna hata mmoja aliyechimba futi sita za udongo laini kwa ajili ya yule mama. Mwalimu alichimba peke yake nyuma ya nyumba ya shule. Mchana Bubu akaja na jembe, na hakuna aliyethubutu kumdai mbuzi, maana hakuwa na mbuzi wala mtu. Sisi tulitazama kutoka barabarani. Mimi pia, nikila miwa.

Walipofika chini, mwalimu alitoka akaingia nyumbani kwake akaleta skwea ya mninga. Akashuka nayo kaburini, akapima kona moja baada ya nyingine, akikwangua udongo pale palipopinda. Alitaka mkewe alale mahali palipochimbwa sawasawa, basi. Barabarani watu wakashikana mikono. "Mmemwona? Hata aibu hana, anafanyia mambo yao hapohapo kaburini!" Simu zikainuliwa tena. Mtu akanipigapiga begani akasema, "Wewe binti una macho, ulimjua mapema." Nami nikaitikia, "Si niliwaambia?"

Nililisema hilo kwa mdomo wangu huu.

Aliondoka muhula ulipoisha. Mwaka uliofuata duara jingine la yule yule mwenye lori likatitia. Sikumbuki walikufa wangapi, na safari hii frimasoni alitafutwa kwingine.

Nilikuja kumwona miaka mingi baadaye. Mteja mmoja alitaja kwamba pale Tinde, kando ya barabara, kuna mwalimu mstaafu anauza mchele na kufundisha watoto hesabu bure. Nikauliza akicheka anafanyaje. Akaonyesha kwa kiganja.

Nilifunga duka nikaenda. Nilibeba kitenge kizuri, sijui kwa ajili ya nani, mkewe nilikuwa nimeshamzika kwa ulimi. Nilimkuta kibandani, amekonda zaidi, anapepeta mchele kwenye ungo. Nikapiga goti. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Alinitambua, sikuhitaji kujitaja. Nikaanza kulia na kusema kwa pamoja, nisamehe, nilikuwa mtoto, niliogopa.

Akainua kidole. "Rudia kwanza."

Nikarudia. Nilimwambia hoja ya Bubu yote, magogo, kaka, yote, bila kukosa neno, na nilipomaliza nilijiona nimetua mzigo.

"Hiyo ni yake," akasema. "Ya kwangu je? Nilisema nini siku ile uani kwenu, kabla sijakugeukia?"

Nikafungua mdomo. Nikatafuta. Niliona kofia, niliona kamba ya katani. Safari hii nilikuwa nasema kweli. "Sikumbuki, Mwalimu."

"Niliwaambia wazee: huyu mtoto akisema ukweli atajishtaki mwenyewe, kwa hiyo naomba asiguswe, kosa ni la mwalimu wake. Baba yako akaapa mbele yao wote kwamba hatakunyooshea mkono. Ndipo nikakuuliza." Akapuliza makapi. "Ulikuwa umesimama karibu kuliko wazee."

Nilibaki pale chini, kitenge mkononi. Mama mmoja alikuwa amesimama nyuma yangu na mfuko, anataka kilo mbili.

"Sogea kidogo," mwalimu akaniambia, "nimhudumie mteja."